Siku Mutheu Alipokataa Kusema "Asanteni"

Tangu asubuhi nimesoma ujumbe wa binti yake tena na tena, na kila nikifika mwisho akili inakataa. Mutheu ametuacha. Mutheu wa Kikima, fundi wa sauti, ambaye Jumapili tu alikuwa ananigombeza kwa simu kwamba voice note zangu zimejaa upepo.

Wengi wenu hamkumjua, na si kosa lenu. Jina lake lilipita mwisho wa filamu, wakati watu wanatafuta remote.

Tulikutana kazini. Mimi nilikuwa mtu wa mavazi, na siku hiyo nilikuwa nimemvika mwigizaji leso iliyopigwa wanga vizuri. Mutheu akavua headphones, akaniita mbele ya watu wote.

"Mzee Muli, hii leso yako inaongea kuliko mwigizaji. Iambie inyamaze, ama basi tuiandike kama crew."

Set nzima ikacheka. Nikaenda kuiloweka kwenye karai wanga utoke, iache kukwaruza. Urafiki wetu ulianzia kwenye karai hilo.

Nimeishi Kisumu miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu Kilungu. Mutheu alilijua hilo. Kila alipofanya kazi milimani alinirekodia kitu: ng'ombe wakiteremka mtoni, akina mama wakiitana kutoka shamba moja hadi jingine, kwaya ikifanya mazoezi na keyboard iliyopotea njia. Hakuandika maelezo yoyote. Sauti tu, nami nilijua ni bonde gani.

Kwa wasioijua kazi yetu: unaitwa, unafanya kazi wiki chache kutoka alfajiri hadi miguu inakataa, overtime hakuna, halafu simu inanyamaza kwa miezi. Miezi hiyo Mutheu aliuza maparachichi soko la Kikima.

"Staa, leo umekosa kazi?" wateja walimtania.

"Niko between sets. Nunua parachichi, uje uwaambie wajukuu ulihudumiwa na nani."

Neno alilolichukia kuliko yote ni "exposure", yaani ufanye kazi bure ili ujulikane. Alisema hajawahi kuona mwalimu mkuu akilipokea dirishani kama karo.

Sasa niwaambie kuhusu ile siku ya Kilungu.

Kampuni moja ilikuja kupiga filamu huko, na mimi na Mutheu tukaitwa kazini. Iliajiri watu wa pale kubeba taa, kuvuta nyaya, kupika, na ikawalipa nusu ya walicholipwa wenzao waliotoka Nairobi kwa kazi ile ile. Karibu na mwisho wakaambiwa kwamba malipo ya siku zilizobaki yatasubiri filamu iuzwe. Mutheu alipouliza, producer alimjibu, "Hawa wanalala kwao. Gharama gani wanayo?"

Mutheu alirudi kwenye mashine yake ya kurekodi.

Kuna desturi kwenye kazi yetu. Tukimaliza tukio, fundi wa sauti huomba kila mtu asimame alipo, anyamaze, ili yeye arekodi ukimya wa chumba chenyewe, wa kuzibia mapengo wakati wa kuhariri. Hakuna anayesogea, hata producer, mpaka fundi wa sauti aseme "Asanteni".

Siku ile Mutheu aliuomba ukimya huo. Tukasimama. Tukasubiri. "Asanteni" haikuja.

Producer akatazama saa. Akatazama dirisha, jua lilikuwa linashuka na tukio moja lilikuwa limebaki. Mwishowe akashindwa.

"Mutheu, tunapoteza mwanga!"

Mutheu akavua headphones polepole. "Mwanga utarudi kesho. Hawa wasipolipwa hawatarudi. Waambie watalipwa nini, na lini."

Hakuna aliyesogea. Waliotoka Nairobi walikuwa wamesimama kama walivyosimama watu wa Kilungu, mikono chini. Ndunge, mama aliyeajiriwa kuvuta nyaya, alikuwa ameshika waya kifuani kama mtoto.

Mkataba uliandikwa juu ya boneti ya gari. Kazi sawa, malipo sawa, na yote kabla ya crew kuondoka mlimani. Producer alipotia sahihi, Mutheu aliusoma kwa sauti, akaurudia kwa Kikamba ili asibaki mtu nyuma, kisha akasema, "Asanteni." Jamani, watu walivyokimbilia zile taa!

Alijua itamgharimu. Kampuni ile haikumwita tena, na alikuwa na binti wa kupeleka chuo. Nilipompigia kumpa pole alinikatiza: "Pole ya nini, Mzee? Msimu wa maparachichi umekuwa mzuri."

Tangu hapo crew nyingi Makueni na Kitui huuliza mkataba kabla ya kushusha hata sanduku moja. Mutheu alikaa nao, kifungu baada ya kifungu: saa za kazi, overtime, matibabu, na siku ya msiba, ambayo alisisitiza ilipwe kama siku ya kazi. Ndunge alifundishwa kazi ya sauti na Mutheu mwenyewe.

Wiki hii Ndunge yuko kazini kule Kabati, Kitui, yeye ndiye fundi mkuu wa sauti. Amenipigia sasa hivi. Alikwenda kwa producer wa huko na mkataba mkononi, akaomba ruhusa ya Ijumaa, siku ya mazishi, kwa wote waliofundishwa na Mutheu. Producer akauliza marehemu alikuwa nani wao, maana kifungu kinasema jamaa wa karibu.

"Andika mama," Ndunge akamwambia. "Kwa sisi wote. Andika mama."

Akaandika.

Basi Mutheu, mwaitu, mama yetu, Ijumaa wanakuja Kikima kukusindikiza, wote uliowafundisha, na siku yao inalipwa. Kifungu chako kimefanya kazi. Ni muvea, asante. Pumzika kwa amani, dada yangu.