Bi Mkubwa Aliyegoma Kupanda Ndege

Jamani, leo nusura niachwe na ndege nami nimekaa mlangoni pake!

Natoka London, baba anapasuliwa kesho Wete, Pemba. Kiti cha kati, sikupata lepe la usingizi. Kufika Dubai kusubiri ndege ya pili, usingizi ukanibeba.

Mara natikiswa bega.

"Inuka mwanangu, wafunga mlango!"

Bi mkubwa, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Anayemsukuma ananiambia kagoma kuingia bila mimi, kadai tumefuatana.

Simjui!

"Nlikusikia wasema na mamako kwenye simu," akaniambia. "Nkajua huyu wa kwetu Pemba."

Nimelia njia nzima.

Sasa niko Unguja nasubiri boti, macho mekundu, na jina lake sikumuuliza. Ni bibi wa nani huyu?