Makombe ya Zena

Zena binti Hasani alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wavulana wote wa chuo chetu cha Kurani pale Nanganga. Wavulana walilijua hilo, ndiyo maana wakambandika jina la Shehe Kaniki, shehe anayejifunga nguo ya kike. Alikuwa na miaka kumi na mitano, anafunga hata saumu za sunna wakati wenzake tunawaza ngoma na shanga. Mwalimu Abdala alipozeeka mkono, alimwachia kazi ya makombe: kuandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kuziosha kwa maji, kisha mgonjwa anayanywa. Watu walitoka hata Ruangwa kwa miguu kuja kunywa maandishi ya binti yule.

Enzi hizo Wazungu wa karanga walikuwa wanang'oa pori la Nachingwea wapate mashamba yao, na malori yao yalipita kwetu kutwa. Huko walikuwa na hospitali. Mwalimu hakutaka kuisikia.

"Anayekimbilia sindano amemshuku Mungu," alitufundisha.

Sisi tuliitikia huku tunawaza ugali. Zena aliyameza yote.

Masika ikaja na homa. Sabaha, mdogo wake Zena, akawa hamtambui mtu. Mama yao, Mwanaheri, akamfunga mgongoni, akasimamisha lori.

"Mama, wapi tena?" Zena akamkimbilia.

"Nachingwea. Mtoto anawaka moto."

"Na kombe alilokunywa asubuhi? Ukimpeleka, tumelitia shaka. Halitafanya kazi."

"Zena, mimi sijui hata alifu. Unasema kweli?"

"Wallahi, mama."

Mwanaheri akarudi nyumbani na mtoto wake. Dereva akatukana, akaenda zake. Zena akaandika sahani baada ya sahani mpaka zafarani ikaisha. Sabaha akafa.

Matangani Mwalimu alisema siku za mtoto zilikuwa zimekwisha. Zena yeye aliona imani yake ndiyo iliyopungua. Akazidisha saumu, akakonda kama ufito.

Wakati wa mavuno, wanafunzi tukiwa shambani kwa Mwalimu tunamkatia mtama wake, kama ilivyokuwa desturi, yeye mwenyewe akashikwa na tumbo. Zena akakimbia kuandika kombe. Aliporudi na sahani, akakuta Mwalimu anapandishwa juu ya magunia ya lori la Nachingwea.

"Mwalimu, kombe lako hili hapa."

"Hebu niache, mtoto! Huoni naumwa?"

Mmoja wetu akacheka. Zena akauliza, taratibu kabisa, "Na Sabaha alikuwa anacheza?"

Mwalimu akageuzia uso kwenye magunia. Lori likaondoka. Zena akamwaga maji ya aya pale barabarani, kwenye vumbi wanapokanyaga watu na mbuzi. Tulishika vichwa.

Mwalimu alirudi amenenepa. Akamwita Zena mara nyingi, hakwenda. Mtu mzima yule, hata pole hakumpa mama wa marehemu.

Zena aliolewa Ruangwa. Anaswali vipindi vyote, na watu husema moyo wake umepoa. Nilimuuliza siku moja, ukimaliza kuswali unaomba nini? Akajibu, "Siombi. Naswali tu."

Mwanaheri alipozeeka, Zena alimchukua akamtunza kwake. Bibi yule hakumlaumu hata siku moja. Alipokea uji kwa mikono miwili, akamtazama mwanawe, akasema, "Ahsante, Mwalimu." Hakumwita jina lingine mpaka alipokufa.