Mkanda wa Kifuani

Mwezi wa saba mwaka jana, siku ya mnada, mume wangu alifariki. Aliacha shamba, mkokoteni, punda jike mmoja na nira aliyoichonga mwenyewe.

Tulihamia Biharamulo kutoka Shinyanga tukiwa na maksai. Walipokwisha tulinunua punda. Mume wangu akaipunguza nira ikawa ya mnyama mmoja, tukamfunga punda vilevile kama ng'ombe, maana hatukujua namna nyingine. Baada ya matanga nilikuwa namwosha punda, nikakuta kidonda juu ya mabega, kinatoa usaha.

Bwana mifugo alikisafisha. Akasema ng'ombe husukuma nira kwa nundu, lakini punda nguvu zake ziko kifuani.

"Ukimrudishia nira, mama, punda utamkosa."

Kisima kiko mbali. Bila punda, maji yote ni kichwani kwangu.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni kwa nyumba yake, uani kwetu, akasikia.

"Mwanangu hata hajaoza, mnataka kutupa kazi ya mikono yake?"



Kidonda kilipofunga nilikwenda Nyakanazi kutafuta kitu cha kumfunga kifuani badala ya nira. Kamba ya katani niliikataa, inakata ngozi. Mpira wa tairi ni mgumu, na ukipata jua unachoma. Nikachagua mikanda ya viti vya lori bovu, mipana na laini. Fundi wa viti aliiunganisha, ndani akashonea blanketi.

"Mama, huyu punda atafunga mkanda kuliko abiria wa basi la Ngara!"

Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka.

Nyumbani nilimvalisha polepole. Mkanda ulitakiwa ukae kifuani, chini ya koo usimbane pumzi, lakini usishuke hadi kwenye maungio ya miguu. Kiganja changu kilipita chini yake. Mgongoni niliweka gunia lililokunjwa, ili kamba inayobeba mikono ya mkokoteni isimchubue. Mama mkwe aliibeba nira, akaingia nayo kwake.

Tukirudi kutoka kisimani, punda alisimama katikati ya mlima. Niliogopa. Nikaingiza mkono chini ya mkanda: jasho tu, ngozi haikuchubuka. Nikashusha nusu ya madumu, nikayaacha kando ya njia. Akavuta.

Dumu la kwanza nilimpelekea mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amevuta?"

"Amevuta."

Akamimina maji mtungini mwake, akanirudishia dumu, akafunga mlango.