Riwaya Moja na Nguruwe Wake

Mwanangu hununua vitabu kwenye simu. Duka lenyewe, ambalo hata mlango halina, humwambia: walionunua hiki wamenunua na kile. Juzi alinionyesha kwa fahari, ati ni mambo mapya. Mambo mapya! Sisi wa Takaungu tulifanyiwa hayo miaka ya themanini, na aliyetufanyia hakuhitaji simu.

Alikuwa na duka la vitabu Kilifi, la pekee, na jingine Malindi, la pekee vilevile. Mwaka huo nilikuwa kidato cha nne, na riwaya ya mtihani ilipatikana kwake tu. Nikavuka kwa feri, nikafika, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia vizuri, maana adabu alikuwa nayo tele. Akaniwekea riwaya juu ya kaunta, na juu yake akapandisha kitabu kingine chenye picha ya nguruwe jike ananyonyesha.

"Hiki sikukitaka," nikamwambia.

"Najua, binti. Lakini vinakwenda pamoja."

Loo! Riwaya ya mapenzi na mwongozo wa kufuga nguruwe, vinakwenda pamoja! Alikuwa ameiagiza miongozo hiyo kwa wingi, ikakosa wanunuzi, basi akaiozesha kwa riwaya. Nani angekataa? Pengine pa kwenda hapakuwapo.

Baba alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa kanzu, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Nilirudi mikono mitupu nimwulize kwanza, na nilipomweleza alinikazia macho utadhani nimemtukana.

"Nguruwe? Humu ndani? Hata wa karatasi haingii!"

Kulikuwa na kijana mmoja aliyefungua kibanda cha vitabu karibu na soko la Kilifi. Nikaenda kwake na matumaini yangu yote. Alikuwa na madaftari, kalamu na vumbi. "Wachapishaji hawaniuzii," akasema.

Siku ileile nikabahatika kumkuta mtu wa wachapishaji mwenyewe, ametoka Nairobi na gari limejaa riwaya yangu, maboksi kwa maboksi. Alikuwa amekalia kigoda nje ya lile duka la pekee, tai imelowa jasho, akingoja kuitwa. Nikamwomba aniuzie moja tu. Maskini, akatazama mlangoni kabla ya kunijibu.

"Dadangu, nikikuuzia wewe, au yule kijana, huyu bwana hataagiza tena kitabu chetu chochote. Pwani yote hii ni yeye."

Bwana wa kampuni kubwa ya Nairobi, juu ya kigoda! Nilitaka kucheka, nikalia.

Nililia mpaka nyumbani. Mtihani ulikuwa karibu, na nikianguka, ualimu niliouota tangu utotoni ningeusikia kwa wenzangu. Nikamwambia Baba hivyo hivyo, kwa sauti ambayo binti hamtolei babake. Aliendelea kukanyaga cherehani.

Kesho yake hakufanya kazi. Alivaa kanzu yake ya Idi, akavuka feri, akarudi alasiri na riwaya imefungwa kwa gazeti. Nikamuuliza cha pili kiko wapi.

"Soma, mama," akaniambia.

Mama yangu aliapa kwamba amekitosa majini pale kivukoni. Mimi nikasoma, nikafaulu, nikafundisha mpaka nikastaafu.

Baba alipofariki nilipangua kasha lake la vitambaa. Chini kabisa palikuwa na kitu bapa kilichoshonewa kitambaa cha kanzu, pande zote nne, mishono midogo midogo, bila upenyo hata wa sindano. Mtu yule ambaye skuli hakuimaliza, kutupa kitabu hakuweza. Na kukiacha kimtazame hakuweza pia.

Nilikaa sakafuni nikamlilia upya. Kisha nikafumua uzi. Nguruwe alikuwa palepale, ananyonyesha, hana habari na mtu. Nikafunua ukurasa wa kwanza. Mhuri wa duka ulikuwa bado unasomeka vizuri: Asante kwa kuchagua duka letu.