Barua kwa Dereva Niliyekuwa Nimekaa Nyuma Yake

Jambo hili hata mama yangu kule Mabawe sijamwambia, ila nyinyi mtacheka kisha mtasahau (naomba msahau). Siku hiyo nilikuwa Nyakanazi, saa tatu asubuhi, ndani ya haisi ya kwenda Ngara, na saa sita nilikuwa na usaili huko Ngara, wangu wa kwanza tangu nimalize chuo, miaka miwili nimekaa tu nyumbani, na gari lilikuwa limebakiza viti viwili halijai. Dereva, mzee Gervas, alikuwa kwenye usukani anatafuna muhindi wa kuchoma, punje moja moja.

Mtu mwingine angesema mzee, tuondoke. Mimi nikawaza: nikisema atakasirika, akikasirika atanishusha, akinishusha gari jingine ni saa ngapi? Ndipo nikaona dirishani bango jipya la kituo lenye kile kimraba cha vidoti vyeusi, limeandikwa tuskani tutoe maoni. Kulalamika bila kufungua mdomo! Nikatoa simu dirishani, nikaskani.

Ikafunguka fomu inayotaka jina, namba ya gari na maelezo. Sasa mimi maelezo najua kuandika kwa namna moja tu, ile ya barua za kuomba kazi, kwa hiyo nikaweka "Yah:", nikaweka "Husika na kichwa cha habari hapo juu", nikaeleza kwamba dereva anaonesha uzembe uliokithiri huku akila mahindi, nikamaliza kwa "Wako katika ujenzi wa taifa". Nikatuma. Nilidhani inakwenda ofisi fulani ya mbali.

Ilikwenda kwenye simu ya msimamizi wa kituo, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa gari letu. Akavaa miwani, akauliza kwa heshima kabisa Ndugu Yusta ni nani, akaisoma yote kwa sauti mpaka kwenye ujenzi wa taifa. Gari zima lilicheka isipokuwa watu wawili.

Mzee Gervas akageuka. "Mwanangu, mimi si nipo hapa?"

"Shikamoo," nikasema (sijui kwa nini, nilishamwamkia wakati napanda).

"Marahaba. Ungenigusa bega tu."

Nikamwomba msimamizi aifute. Akasema haifutiki, kero ikishaingia dereva lazima aijibu kwa maandishi ndipo gari litoke, na mzee Gervas akasema simu yake ni ya kupigia tu, basi aandike huyu huyu msomi. Nikahamishiwa kiti cha mbele, nikaandika utetezi dhidi yangu mwenyewe, yeye anasema mimi naandika, na kila nikifuta neno nitafute zuri zaidi, mama mmoja wa Murusagamba mwenye gunia la maharage ananiuliza kama na muhuri tunausubiri. Vile viti viwili vikapata watu. Gari likajaa kabisa, na mimi bado nilikuwa aya ya pili.

Tulitoka saa nne na nusu. Njia nzima mzee hakunisema, na Ngara hakuishia stendi, nilipomwambia nina usaili alinifikisha mpaka geti la ofisi, saa sita na nusu, abiria wote wakinitazama.

"Shuka," akasema. "Na humo ndani uongee."

Nikabisha hodi, nikaongea, nikasema nimechelewa kwa kosa langu. Mama aliyekuwa anafunga mafaili alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, akasema majina ya waliosailiwa yameshapelekwa.

Kazi ikapita hivyo. Nimeapa, mtu aliye mbele ya macho yangu simwandikii tena. Namwambia. Sauti inatetemeka, lakini inasikika.