Simiti Haikuwa Yake

Jumanne ya wiki iliyopita, kabla ya saa sita mchana, fundi aliyekuwa akirekebisha kanisa letu la mawe hapa Rongai alifariki nyumbani kwake Kiamunyi. Alikuwa ameumwa kifua siku nne. Hakuwa ndugu yangu, na sina hakika kama nina haki ya kumwita rafiki. Nilizoea tu kusikia nyundo yake kila nikipita kwenda shambani. Sasa napita na hakuna sauti.

Kanisa lenyewe lilijengwa na walowezi wakati mashamba haya yalikuwa yao, kwa mawe laini ya huku kwetu yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Wazazi wetu walipogawiwa ardhi walilikuta limefungwa, ndani kumejaa magunia ya mahindi. Miaka michache iliyopita kuta zilianza kutoa unyevu, nasi tukamwita fundi huyu. Kamati ilikuwa na haraka, kwa sababu askofu alikuwa anakuja, na tukaamua kuta zipigwe plasta ya simiti. Fundi alikataa. "Huu ukuta unapumua," alisema. Mwenyekiti wetu, mama mwenye duka la mbegu, akamuuliza, "Fundi, kwani ukuta una mapafu?" Tulicheka sana. Yeye alingoja tumalize. "Cheka tu, mama. Lakini maji yakikosa pa kutokea, yatatoka na jiwe." Tulipiga kura, na mkono wangu ulikuwa juu. Akakusanya vyombo vyake akaenda, tukatafuta fundi mwingine.

Baada ya mvua za mwaka wa tatu, plasta ilibambuka, ikashuka na nyuso za mawe kama alivyosema. Watu wakauliza ni nani aliyeharibu kanisa. Walikuwa wamemwona yeye mwanzoni akipima kuta, basi wakasema ni yeye. Sisi wa kamati tulijua ukweli, tukanyamaza. Mimi ndiye niliyeenda Kiamunyi kumrudisha. Hakunilaumu. Alichimba shimo nyuma ya kanisa, akazima humo chokaa ya kupaka badala ya simiti, yaani akaimwagia maji ichemke na kulainika, akaiacha majuma mengi kabla ya kuigusa. Kisha akaanza kubandua simiti kwa patasi, jiwe moja baada ya jingine, peke yake. Vijana wa kwaya walimtania: "Mzee, utamaliza Yesu akirudi?" Naye akajibu, "Basi atapata mahali pa kukaa."

Siku moja nilimpelekea chai. Alisema, "Mzee, sitaki mniombe msamaha. Semeni tu mbele ya watu kwamba simiti haikuwa yangu. Siku hizi hapa Rongai hakuna anayenipa kazi."

"Tutasema siku ya kufungua kanisa," nikamwambia.

"Hiyo ni lini?"

"Ukimaliza."

Alikunywa chai yake kwanza. "Basi nitajaribu kuharakisha," akasema, na huyo alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuharakisha kitu.

Nimejiuliza kwa nini nilisubiri. Niliona aibu, na nilitaka aibu hiyo ifunikwe na sherehe, na nyimbo, na wageni. Nadhani wengi wetu tumekaa kwenye kamati za namna hii, za shule, za maji, za kanisa. Uamuzi ukienda vibaya, kamati haina uso, ila fundi ana uso na watu wanamjua sokoni. Neno la kumsafisha mtu halina msimu wake. Linatakiwa siku ile ile unapojua, hata kama ni Jumatatu na mko watatu tu. Hilo nimejifunza nikiwa nimechelewa, na sina wa kumwambia, kwa sababu wanakamati wenzangu hawapendi jambo hili litajwe.

Jumapili, baada ya matangazo, nilisimama nikalisema. Nilisema simiti ilikuwa yetu, kwamba yeye alitukataza, na kwamba mimi nilipiga kura ya kuikubali. Mjane wake hakuwapo, wao husali Kiamunyi. Kisha tukaimba. Nje, mama mmoja anayejenga nyumba ya mawe upande wa reli alinishika mkono. "Kwani hakuwa yeye?" aliuliza. "Alikuja kwangu kuomba kazi mwezi uliopita. Nilimfukuza." Nikamwambia hakuwa yeye. Akaniachilia mkono, akaenda zake bila kuaga.