Kisu Kilichonyoa Mkono Wangu Kule Mamba

Sijawahi kupenda chuma kama nilivyopenda kile kisu cha kuvunia mpunga. Ilikuwa miaka ya tisini, nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayajatoka, na kukaa Mpanda mjini kusubiri kulikuwa kumenishinda. Nikadandia lori hadi kijiji cha Mamba kwa shangazi, nikiwa na begi moja na furaha isiyo na sababu.

Siku hiyohiyo nikaliona kundi la wavunaji. Lilikuwa likihama shamba hadi shamba, likimaliza Mamba linaelekea Majimoto na mbele huko, watu wanaimba, wanalala kwa wenyeji, wanakula wali mpya. Nikajua mahali pangu duniani ni pale.

Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mrefu mwenye kicheko cha kuwarusha kanga kutoka vichakani. Nilipomwomba anichukue, aligeuza viganja vyangu juu na chini.

"Mikono ya kalamu hii. Keshokutwa tunavuna kwa shangazi yako. Ukimaliza ngwe yako bila kusaidiwa, tunaondoka wote. Ukisaidiwa, unabaki hapa kufukuza ndege."

"Na kisu, mama? Nani atanoa?"

"Unoe mwenyewe! Kwetu, mwanamume akinolewa kisu na mwenzake tunasema ameolewa."

Kundi zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote.

Shangazi alinipa kisu cheusi kwa kutu. Sikuwahi kunoa kitu maishani, kwa hiyo nikajaribu kila kilichokuwepo. Jirani alikuwa na tupa yenye mpini wa gunzi la muhindi. Ilipiga kelele mpaka mbuzi wa shangazi akakata kamba. Shangazi mwenyewe alikuwa na kinoo, jiwe lililobonyea katikati kwa miaka ya kutumika. Nilisugua, nikasugua, nikaona nitazeekea pale.

Kisha nikamkuta sokoni fundi wa baiskeli ya kunolea. Gurudumu la nyuma limeinuliwa, anakanyaga pedeli, jiwe la duara linazunguka, cheche zinaruka! Nani angechagua kitu kingine? Na fundi wa kulipwa si mwenzangu, nikajiambia, kwa hiyo sijaolewa.

"Kaka, unataka kikate au kinyoe?" akaniuliza.

"Kinyoe!" nikasema, kana kwamba nimekuja kwa kinyozi.

Alikimalizia kwa kukipitisha kwenye mkanda wa ngozi. Niliona meno yangu ndani yake. Njia nzima nilimwonyesha kila niliyekutana naye jinsi kinavyonyoa, na nilipofika nyumbani shangazi alinitazama akashika kiuno.

"Baba, mbona mkono mmoja umekuwa wa mtoto mchanga?"

Siku ya mavuno ikafika, tukajipanga kila mtu kwenye ngwe yake. Nikashika fungu la kwanza la mpunga, nikavuta kisu. Kikateleza. Nikavuta tena, mabua yakainama kwa heshima, yakasimama. Wenzangu walikuwa wameshaanza wimbo na kusonga mbele.

"Nyie, hebu mtazameni mtu wa Mpanda! Anaupapasa!"

"Mwacheni, anauchumbia. Mahari bado!"

Nilicheka huku jasho likiingia machoni. Mama kiongozi alinitazama, kisha akakitazama kichanja cha kufukuzia ndege. Msichana wa ngwe ya jirani akageuka na kisu chake.

"Kaka, nikusaidie kidogo?"

"Usiguse!" Nilipiga ukelele hadi wimbo ukakatika.

Nikakimbilia kunywa maji pembeni. Mtungi wa shangazi ulikuwa umewekewa jiwe la mchanga usibingirike. Kwa hasira nikalichomoa, nikakikwaruza kisu kwa nguvu, huku na huku, mpaka ule mng'aro wote ukafa. Nilipopitisha kidole, makali yalikuwa na vimeno, kama ulimi wa paka.

Nikarudi kwenye ngwe. Kwa! Fungu la kwanza likakatika. Kwa! La pili. Kumbe bua la mpunga lina ngozi ngumu yenye utelezi. Wembe unapita juu yake, vimeno vinaling'ang'ania. Nilivuna kama mwendawazimu, nikiimba wimbo nisioujua maneno. Wenzangu walimaliza, wakakaa tutani kunipigia makofi na kunizomea kwa pamoja, lakini hakuna aliyeingia kwenye ngwe yangu hadi bua la mwisho.

Mama kiongozi akachukua kisu, akakigusa makali.

"Umekiharibu vizuri," akasema. "Kalale mapema. Tunatoka asubuhi."

Nimehama miji mingi tangu hapo, na hakuna safari niliyoianza nikiwa mwepesi vile, ingawa begi lilikuwa zito na lilinipiga mgongoni kila hatua. Tulikuwa tumeshaufikia mwembe wa njia panda sauti ya shangazi iliponifuata kutoka uani:

"Wewe baba! Mtungi wangu unabingirika! Rudisha jiwe!"

Nikalishikilia begi, jiwe lisinigonge mgongo, nikatimua mbio mbele ya kundi, kuelekea Majimoto.